Barua Saba Ndani ya Kopo la Kahawa

Haya, wale mlionilaumu wiki nzima kwamba nimemtelekeza mama wa watu mtaroni kwenye baridi ya Sudbury, poeni. Leo tunamtoa. Ila msinishukuru kabla hamjafika mwisho.

Gari la Raili Hautala lilikuwa limelala ubavu kando ya barabara ya Long Lake, taa moja ikitazama juu. Theluji ilikuwa inamwagika bila huruma. Saa ya garini ilisema saa saba kasoro dakika tano mchana, tarehe thelathini na moja Desemba. Benki inafungwa saa nane.

Raili alikuwa amelikumbatia kopo la kahawa. Ndani mlikuwa na barua saba za benki, na sita kati yazo hazijafunguliwa mpaka leo. Ya saba aliifungua mwenyewe asubuhi ile, baada ya kulikuta kopo nyuma ya kuni za sauna, alikolificha mumewe.

Barua haikuzunguka. Orvo Hautala ametimiza miaka sabini na mmoja mwaka huu. Akiba yake ya uzeeni lazima ihamishiwe kwenye akaunti ya kulipwa kidogo kidogo kila mwaka, na mwisho wa kusaini ni leo. Leo ikipita, hela yote itahesabiwa kuwa mapato ya mwaka mmoja, na kodi itafagia karibu nusu.

Laki tatu na ushee za dola! Miaka thelathini na minne ya mtu kuchimba nikeli chini ya ardhi! Na mwenyewe Orvo yuko hospitali siku ya kumi na tisa, tangu alipoanguka akichota theluji mlangoni. Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia na maneno yote.

"Ee Mungu, na hili nalo nilikose?" Raili alilia, akipiga usukani kwa ngumi. "Orvo, umenifanyia nini wewe mwanaume?"

Honi ikalia barabarani. Lori kubwa la kusukuma theluji likasimama, na kichwa chenye kofia ya manyoya kikatokeza dirishani.

"Shemeji! Ndo umehamia mtaroni?"

Alikuwa Gaétan Bouffard. Huyu bwana alifanya kazi na Orvo chini ya ardhi miaka ishirini, zamu moja, taa moja. Raili hakuwahi kumpenda sana kwa mdomo wake, lakini siku ile angeweza kumbusu.

"Gaétan, nipeleke benki! Usiniulize kitu, nipeleke tu!"

"Na gari?"

"Liache lioze!"

Akavutwa juu kwa mkono mmoja, kopo na yeye. Lori likaondoka likirusha theluji kulia na kushoto.

Njiani Raili alimweleza yote kwa pumzi moja. Gaétan akasikiliza, akanywa kahawa yake yenye sukari mbili na maziwa mawili, akatikisa kichwa.

"Kumbe alizificha kweli. Nilidhani ananitania."

"Ulijua?"

"Shemeji, usinile. Mwezi wa tano aliniambia, 'Gaétan, benki wanataka nibadilishe akaunti. Nikibadilisha, watanilazimisha kuuza hisa zangu za Norvane. Siuzi mpaka bei irudi nilikonunulia.' Basi."

Raili aliujua wimbo huo. Ameusikia asubuhi na jioni miaka kumi. Orvo alinunua hisa za Norvane, kampuni ya mgodi iliyomwajiri, kila mwezi, kila senti ya akiba, kwa wastani wa dola thelathini na nane. Siku hizi zinasuasua kwenye kumi na moja. Kila ukimgusa anasema bei itarudi, mawe bado yapo ardhini.

"Mtu mzima anaficha barua kama mtoto anayeficha ripoti ya shule!"

"Si peke yake. Pale kilabuni wastaafu wote wanaimba hivyo hivyo."

"Na wewe?"

"Mimi niliuza zote nikanunua lori hili. Walinicheka mwaka mzima." Akapiga usukani taratibu. "Mwambie akipona aje anicheke tena."

Akipona. Raili aligeuza uso dirishani asionekane.

Saa saba na dakika ishirini na tano walifika. Raili aliruka kabla lori halijasimama, akakimbilia mlango wa kioo, akausukuma. Mlango haukusogea. Karatasi ilikuwa imebandikwa kwa ndani: kwa sababu ya dhoruba, tawi limefungwa saa saba.

Saa saba!

Akagonga kwa viganja, akagonga kwa kopo. Ndani taa zilikuwa zinawaka, watu wanavaa makoti. Kijana mmoja alimwonyesha ile karatasi kwa kidole, akatabasamu kwa adabu, akageuka.

"Fungueni! Jamani, fungueni, nakufa!"

Hakuna aliyekuja. Raili aliteleza mpaka chini, akakaa kwenye barafu, miaka sitini na minne yote, akalia kwa sauti kama siku aliyomzika mama yake. Hakuona haya. Haya ni ya watu wenye muda.

Ndipo akasikia injini ikinguruma upande wa maegesho.

Gaétan alikuwa ameshusha lile sepeto kubwa la chuma la mbele. Akaenda mpaka mwisho, akakusanya theluji ya uwanja mzima, akaisukuma na kuirundika nyuma ya magari manne ya wafanyakazi. Akarudi nyuma, akaleta nyingine. Kilima kikawa kirefu kuliko mtu.

Mlango wa kioo ulifunguka kwa kishindo.

"Wewe mzee una wazimu?" Mwanamke mfupi mwenye koti jekundu alitoka akipiga kelele. "Hayo ni magari yetu! Tutaendaje nyumbani?"

"Kwani mnakwenda?" Gaétan alimjibu kutoka dirishani, kahawa mkononi. "Mimi nilidhani benki inafungwa saa nane. Shemeji yangu akisaini, nitazoa. Asiposaini, tutafungua mwaka mpya hapa hapa, wote. Nina sandwichi mbili."

"Naita polisi!"

"Waite. Barabara yao naisafisha mimi."

Yule mwanamke akageuka kwa hasira, na hapo ndipo alipomwona Raili chini kwenye barafu, na lile kopo, na barua zenye nembo ya benki yake zikichungulia. Sauti ikamshuka.

"Mama, jina lako nani?"

"Hautala. Raili Hautala."

"Hautala wa Long Lake?" Mwanamke alishika kifua. "Orvo Hautala? Mimi ndiye Shanthi! Mimi ndiye niliyeandika barua hizo! Saba, mama! Nimepiga simu mpaka nimechoka! Ingia, ingia haraka, mfumo unajifunga saa nane kamili!"

Wasomaji, nani alisema mlango ukifungwa na Mungu haufunguliki kwa sepeto?

Shanthi Perinpanayagam alikuwa mshauri wa wateja wenye akiba za uzeeni, na vidole vyake kwenye kompyuta vilikuwa vinakwenda mbio. Gaétan alisimama nyuma, kofia kichwani, theluji ikimdondoka kwenye zulia. Raili alitoa hati ya uwakili, ile ambayo Orvo aliisaini miaka sita iliyopita ili mkewe aweze kumsainia akiugua. Shanthi aliipitisha kwenye mwanga, akaisoma juu mpaka chini.

"Hati ni nzima. Sasa niambie ukweli, mama. Kwa nini mzee hakuja?"

"Aliogopa mtamuuzia hisa zake."

Shanthi aliacha kuchapa. "Nani alimwambia hivyo?"

"Sijui. Alijiambia mwenyewe."

"Mama, hakuna anayelazimishwa kuuza. Hisa zinahama kama zilivyo, kutoka akaunti hii kwenda ile. Hata moja haiuzwi. Ilikuwa saini tu! Dakika kumi, na kahawa ya bure!"

Raili alimtazama. Kicheko kilimtoka, kibaya, kisichokuwa na furaha ndani yake. Kumbe yale maficho yote nyuma ya kuni, zile simu alizokuwa anazikata akisema ni matapeli, ile presha iliyompanda mwezi mzima mpaka akaanguka mlangoni, vyote vilikuwa kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

"Amejiua kwa kutouliza," alisema. "Swali moja tu, Orvo. Swali moja."

"Hajafa, mama. Tuendelee." Shanthi alisoma kwenye skrini, akakunja uso. "Norvane. Norvane. Norvane tena. Hana kitu kingine?"

"Hana."

"Mshahara ulikuwa Norvane, pensheni Norvane, akiba Norvane. Mama, hata kofia?"

"Na kofia," Gaétan alijibu nyuma, akaivua ya kwake akaikagua. Hakuna aliyecheka.

"Je, bei ikirudi?" Raili aliuliza. Lilimtoka tu. Miaka kumi ya kuusikia wimbo ule, unaambukizwa.

"Nikuulize mimi. Hela hii ingekuwa mkononi mwako sasa hivi, taslimu, ungetoka kwenda kununua Norvane?"

"Hata ya bure sichukui."

"Basi umeshajijibu. Lakini hilo ni la Januari, tutakaa tuuze taratibu, tununue vitu mbalimbali. Leo tunaokoa nyumba isiungue." Akachapa. "Kila mwaka sheria inamtaka atoe kiasi fulani. Tunaweza kukipima kwa umri wa mke kama mke ni mdogo, ili atoe kidogo na hela idumu. Wewe una mingapi?"

"Sitini na minne."

"Safi sana! Mzee alioa mtoto."

Kwa mara ya kwanza katika siku kumi na tisa, Raili alihisi moyo unakaa mahali pake. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Nyumba ya wazee wagonjwa aliyoonyeshwa na daktari inataka hela kila mwezi, na nyingi, na sasa itapatikana. Orvo atakuwa na chumba chenye dirisha. Atalishwa. Daktari amesema anaweza kuishi siku tatu, anaweza kuishi miaka kumi. Basi na aishi kumi!

"Bado kimoja tu," Shanthi alisema. "Mrithi wa akaunti. Nahamisha jina lililopo." Akasogeza skrini. Akasoma.

Akamtazama Raili, akaitazama skrini tena.

"Mama, wewe umewahi kutumia jina la Coralie?"

"Coralie? Hapana. Kwa nini?"

"Labda makosa ya zamani." Lakini uso wake haukusema makosa. Akafungua picha ya fomu yenyewe, ya mwaka tisini na moja, iliyoandikwa kwa mkono.

Raili aliujua mwandiko kabla hajajua maneno. Ile R ya Orvo yenye mkia. Mrithi: Coralie Thibodeau, wa Timmins. Uhusiano: mke.

Mke.

Raili aliolewa mwaka themanini na nne, kanisani, mbele ya watu mia na ishirini. Mwaka wa tisini na moja ndiyo mwaka ule mgodi ulipofungwa miezi tisa, na Orvo akaenda Timmins kutafuta kibarua. Alikuwa akirudi mwisho wa mwezi na samaki na nguo chafu. Na yeye Raili akazifua!

"Gaétan," aliita bila kugeuka. "Ulikwenda naye Timmins."

Gaétan alianza kupangusa theluji kwenye koti lake.

"Gaétan Bouffard, nakuuliza wewe."

"Shemeji," sauti ya Gaétan ilikuwa ndogo, wala si ya yule mtu wa lori. "Saini kwanza."

Hilo ndilo lililomchoma. Kikulacho ki nguoni mwako, na anayekuona ukiliwa kumbe ni shemeji yako, anakunywea kahawa yako ya Krismasi miaka thelathini.

"Lifute," alimwambia Shanthi. "Lifute jina hilo, andika langu."

"Siwezi."

"Una kompyuta hapo, unasema huwezi?"

"Hati yako inakuruhusu kuhamisha hela ya mzee. Haikuruhusu kumbadilishia mrithi. Hilo ni la mwenyewe peke yake, kwa mkono wake na akili yake. Nikipaacha wazi, ni sawa na kulifuta, na mahakama itatutafuta wote wawili." Shanthi alimshika mkono. "Mama, sikiliza vizuri, maana tuna dakika saba. Lazima nikwambie yote, ndiyo kazi yangu."

"Sema."

"Ukisaini, laki tatu zinabaki nzima. Mzee akiwa hai, zinamtunza yeye. Mzee akifariki kabla hajasema kitu, zinakwenda kwa huyu wa Timmins."

"Na nisiposaini?"

"Usiposaini, akaunti inakufa usiku wa leo, na jina la mrithi linakufa nayo. Kodi inachukua karibu nusu. Inayobaki inakuwa hela ya kawaida ya mzee, na kwa wosia wake wa kawaida…"

"Nimeandikwa mimi."

"Umeandikwa wewe."

Mmeona mtego huo, wasomaji? Aache kalamu mezani, nusu iungue, nusu iwe yake. Au aishike, iokoke yote, kwa mkono wake mwenyewe amwekee mwanamke mwingine. Mimi nilipofika hapa niliweka kalamu yangu chini nikatembea kidogo.

"Nusu inamtunza miaka mingapi?" Raili aliuliza.

Shanthi alipiga hesabu haraka. "Kwenye nyumba ile? Miwili. Pengine na nusu."

"Na yote?"

"Tukiuza taratibu na kutawanya vizuri, mitano. Hata sita, na pensheni yake."

Raili aliitazama kalamu. Aliuona mkono wa kulia wa Orvo juu ya shuka, umekauka, hausogei. Alimwona mwanamke asiyemjua, amevaa vizuri, anafungua bahasha. Akatamani kulitupa lile kopo dirishani. Akatamani Orvo afe, kisha akajishika mdomo kwa hofu ya alichotamani.

"Dakika nne," Shanthi alinong'ona.

"Ningekuwa wewe nisingesaini," Gaétan alisema ghafla. Machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye ndevu. "Hakustahili, shemeji. Sasa nasema kweli. Hakustahili."

"Nyamaza! Muda wa kusema ulikuwa miaka thelathini iliyopita!"

"Dakika tatu, mama. Kumbuka, kalamu hiyo leo si yako. Ni ya mzee."

"Najua ni ya nani!" Raili aliikamata kama anaikaba. "Serikali haina mlango wa kugonga. Mwanamke ana mlango. Nitaugonga."

Akasaini. Ukurasa wa kwanza, wa tatu, wa nne. Raili Hautala, kwa niaba ya Orvo Hautala. Pale penye jina la yule mwingine, alisaini chini yake mpaka karatasi ikatoboka.

Shanthi alizirusha kwenye mashine, akabonyeza, akangoja. Duara dogo likazunguka kwenye skrini. Likazunguka. Saa nane kasoro sekunde chache, likageuka kijani.

"Imepita," alisema, akaegemea kiti. "Yote. Mama, umeiokoa yote."

Raili alikuwa amelala uso mezani, juu ya mikono yake. Gaétan alinyoosha mkono amguse, akaurudisha.

Simu ikalia ndani ya koti la Raili. Namba ya hospitali.

Siku tatu, alisema daktari, au miaka kumi. Akapokea.

"Mama Hautala?" Alikuwa Darlene, muuguzi wa wodi, anahema. "Uko wapi? Mama, kaa kitako. Mzee amesema!"

"Nini?"

"Ameongea! Dakika ishirini zilizopita! Neno moja, lakini wazi kabisa, wodi nzima imesikia!"

Raili alisimama. Wallahi naapa, pamoja na yote, pamoja na ile fomu, uso ulimng'aa kama wa msichana. Mtu wa miaka arobaini na mmoja humwachi ghafla.

"Ameniita? Darlene, amesema Raili?"

Upande wa pili zilisikika hatua za viatu zikitoka wodini.

"Mimi nilidhani ni jina lako la nyumbani," Darlene alisema taratibu. "Amesema Coralie. Analirudia mpaka sasa."

Raili alifumba macho. "Si langu."

"Najua, mama. Sasa najua." Muuguzi alishusha sauti, kama mtu aliyegeukia ukuta. "Maana mwenye jina ameingia sasa hivi, ana theluji mabegani. Mzee amemshika mkono kwa ule wa kushoto, hamwachii. Mwanamke huyo anataka nimwandike kwenye faili kuwa yeye ndiye mke. Nimemwambia mke tunamjua. Ananiuliza wewe ni nani. Nimjibu nini?"